Viluwiluwi vya Mjumbe

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha bodi ya afya ya mji. Ajenda: mbu. Ajenda yangu: kiti cha makamu mwenyekiti, kilicho wazi tangu daktari wa meno ahame. Tunakigombea wawili, mimi na Mfamasia. Yeye ana duka la dawa, shati jeupe na tabia ya kutikisa kichwa wengine wakiongea. Mimi nina kipaji. Mwenyekiti wetu, mkunga mstaafu aliyepokea nusu ya mji huu mikononi mwake, mimi nikiwemo, kasema kura ni Ijumaa. Nikasimama. Nikapendekeza ukaguzi wa maji yaliyotuama uanzie majumbani kwetu wajumbe, tuwe mfano. Makofi! Hata Mfamasia kapiga. Maskini, hajui.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia uani kwa Mfamasia kupitia tundu la ukuta. Kukavu! Ndoo zimefunikwa. Bakuli la mbwa linang'aa kuliko vikombe vyetu. Mtu asiye na siri hasafishi hivyo. Basi, mbu wakichelewa, husaidiwa. Nimeteka viluwiluwi kwenye mtaro nyuma ya soko, nikawatia chupani. Wanene, wachangamfu. Nimewaficha nyuma ya mlango wa jikoni. Kesho, mwenyewe akiwa dukani, nitawahamishia kwenye vyungu vyake vya maua.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mama mkwe kaja bila taarifa. Kwa heshima nikakaa naye, nikaulizwa habari za kazi, za afya, na kwa nini nimekonda shingo tu. Kuja kumfuata jikoni: chupa imeoshwa, imejaa sukari. Nikauliza, kama mtu asiyejali, yale maji yako wapi. Mama mkwe akasema maji hayatupwi, baba, na mabomba yenyewe yamekauka. Kayamimina kwenye pipa letu la mvua.
Kulimwaga siwezi. Mke wangu ataniuliza nguo azifulie nini. Walipojilaza mchana nikavua kwa chujio la chai. Nikimtoa mmoja, wengine wanazama kunicheka.

Alhamisi, 6 Machi
Chai ya asubuhi nimekataa. Mama mkwe kanywa vikombe viwili, akaisifu.
Kisha hodi. Bodi nzima! Mwenyekiti kasema mtoa hoja ndiye wa kwanza. Mfamasia akainamia pipa na tochi. Akampa Mwenyekiti tochi. Heri angecheka! Mwenyekiti akachungulia naye, kisha akanitazama.
“Mwanangu,” akasema, “hawa unawalisha nini? Mbona wana afya hivi?”
Nikasema huenda wameletwa na upepo. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, akaeleza kwamba upepo haukuhusika; maji yale yalikuwa ya mkwe wake, yalikuwa chupani, tena kayaficha vizuri. Mke wangu akaanza methali ya mchimba kisima. Nimeingia ndani kabla hajaimaliza.
Pipa limemwagwa mbele ya majirani. Jioni nimebeba ndoo kutoka mtaa wa pili, na kila mlango ulinipa pole. Pole za kucheka.

Ijumaa, 7 Machi
Kura. Mfamasia kapata mikono yote. Wangu pia, ulinyanyuka wenyewe. Nilidhani nitafukuzwa. Mwenyekiti kasema hapana, alinipokea nikilia na hatanitoa nikilia. Ila nitakwenda shuleni kuwaeleza watoto jinsi mbu wanavyozaliwa, kwa kuwa nina uzoefu. Wajumbe wakakohoa kwa pamoja.
Mlangoni Mfamasia kanipa chandarua. Bure! Eti kwa ajili ya mgeni wangu, asiumwe usiku. Nimemshukuru mara mbili. Nadhani ni mafua.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefundisha. Watoto wamepiga makofi mpaka vumbi likatimka. Mwalimu mkuu kasema hajawahi kumsikia mtu akizungumzia viluwiluwi kwa uchungu namna ile. Nimerudi nyumbani natembea katikati ya barabara. Mji unanihitaji!
Nimekaa, nimetafakari kwa unyoofu, nimeliona kosa langu. Wazo lilikuwa zuri. Mdudu ndiye hakufaa.
Mwezi ujao bodi inakagua panya madukani, ikianza na maduka ya dawa. Nimekwisha kupata wawili, wazima, wenye adabu. Wako kwenye boksi la viatu chini ya kitanda.
Panya hamiminiki.