Plasta Haitaki Kuachwa Peke Yake

Asubuhi hiyo shemeji yake, mume wa dada, alikuwa amemtoa Injinia nje, yeye na godoro lake. Usimhurumie haraka. Alikaribishwa kwa siku mbili, akakaa miezi saba. Na huo uinjinia hakuusomea popote. Jina alijipa mwenyewe, na watu walichoka kubisha.

Akajibanza kwenye duka la vifaa vya ujenzi kukwepa jua, ndipo akamsikia mama mmoja mtu mzima akiulizia fundi wa kugeuza gereji yake iwe chumba cha kuishi. Gari alikuwa ameshaliuza. Mama huyo alikuwa matroni mstaafu wa bweni la wasichana, na mtaa mzima humwita Matroni mpaka leo.

Injinia akanyoosha mkono rafuni, akavaa kofia ngumu ya njano. Aliiazima kwa nia safi kabisa ya kutoirudisha.

"Shikamoo mama. Una bahati. Ghorofa langu limesimama wiki hii, tunasubiri lifti."

"Marahaba. Wewe ni fundi?"

"Fundi ni hao wa vichochoroni. Mimi ni mkandarasi."

Matroni alimtazama usoni, akamtazama viatu, kisha akamzunguka taratibu kama anayekagua kitanda kilichotandikwa na mvivu.

"Pesa mkononi sitoi," akasema. "Vifaa nanunua mwenyewe. Malipo siku ya kumaliza."

Tapeli mwingine angeaga hapo hapo. Injinia alijizuia asicheke. Pesa za Matroni hakuzitaka, alitaka gereji. Kuta nne, paa, mlango wa kufunga, na hakuna shemeji.

Walipofika, akagonga ukuta, akautegea sikio, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mama, nikufiche nini. Plasta ya ukuta huu haitaki kuachwa peke yake. Usiku hujikunja. Lazima mtaalamu alale nayo."

"Siku ngapi?"

"Plasta ina tabia yake. Haiharakishwi."

"Basi kalete godoro."

"Liko karibu," akasema Injinia, na lilikuwa karibu kweli, nje ya geti, alikoliegemeza kabla ya kuingia.

Mpango ulikuwa mzuri, ila plasta ilikauka siku ya nne, kwa ukaidi tu. Matroni, ambaye alikuja kukagua kila siku saa kumi na mbili asubuhi na kengele yake ya bweni mkononi, aliugusa ukuta akasema, "Umekauka. Unaweza kwenda nyumbani sasa."

"Bado sakafu," Injinia akasema upesi. "Sakafu ni mbaya kuliko plasta."

Hivyo ndivyo mtu ambaye hajawahi kufanya kazi alivyoanza kufanya kazi ili asihame. Zege lilipokauka, akabuni dari. Dari ilipokamilika, akagundua kwamba chumba kisicho na bafu humeza unyevu. Alichokuwa hajui alikiuliza dukani, akijifanya anampima muuzaji akili. Vigae vyake vya kwanza vilikaa upande. Akavibandua mwenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu vilimkera akiwa amelala.

Na dirisha. Dirisha alilipima siku mbili nzima, akalitoboa pale ambapo upepo wa asubuhi ungefikia mto wake wa kulalia. Alipomaliza alikaa sakafuni akalitazama, akajisikia mwenye nyumba. Akamchagulia Matroni rangi ya mapazia.

Mwezi wa pili ulipoisha, Matroni alikuja na nesi mmoja mwenye masanduku mawili.

"Mkandarasi, mpishe mpangaji."

Injinia alisimama katikati ya mlango. "Mama, rangi bado haijatulia. Inahitaji mtu."

"Itakuwa na nesi."

Nesi akaingia, akafungua dirisha, akasema hapa pana upepo mzuri. Maneno hayo yalimuuma Injinia kuliko matusi yote ya shemeji.

"Na malipo yangu?"

"Ni sawasawa na kodi yako. Umekaa miezi miwili."

Injinia akahesabu miezi kwa vidole. Miaka yote hii, hakuna aliyewahi kumzidi ujanja.

"Walipita mafundi watatu kabla yako," Matroni akasema, bila hasira. "Wa halali, wenye vyeti. Kila mmoja alianza vizuri, jioni akaenda kwake, na siku moja hakurudi. Nikasema safari hii nitafute asiye na pa kwenda."

"Ulijuaje?"

Matroni alinyoosha mkono, akabandua kitu nyuma ya kofia ya njano. Kilikuwa kikaratasi cha bei.

"Nimelea wasichana wa bweni miaka thelathini, baba. Uongo wako ni wa kidato cha kwanza, na mkandarasi gani hutembea na godoro? Lakini vigae umepanga vizuri." Alipofika mlangoni kwake akageuka. "Mdogo wangu naye ana gereji."

"Sirudii," Injinia akasema. "Mtu hunidanganya mara moja tu. Nina heshima yangu."

Alilibeba godoro mpaka getini. Wingu zito lilikuwa limeshatanda juu ya mtaa. Alisimama pale akitazama dirisha lake.

"Hiyo gereji ya mdogo wako," akauliza, "paa lake ni zima?"

"Linavuja."

Injinia akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaivaa kofia vizuri.

"Paa linalovuja, mama," akasema, "haliachwi peke yake."