Wafanyakazi Kumi na Wawili wa PDG Lwaboshi

Jumatatu, 3 Machi 2014
Malawi nzima hakuna mwenye kichwa cha biashara kama mimi. Hata kwetu Bukavu, Kongo, wakubwa hawakufungua duka bila kuniuliza. Leo nilikuwa Lilongwe, Area 47, kwa Mayi Mbewe. Mama wa maduka matatu, anatafuta biashara ya kuwekea pesa. Nikamwambia mi niko PDG, mkurugenzi mkuu, wa boulangerie ya mikate hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wafanyakazi kumi na wawili, na mahindi ya msaada sijayagusa tangu 2009. Akashtuka. Mi pia! Maneno yalitoka yenyewe. Anakuja Alhamisi kuona kwa macho.

Jumanne, 4 Machi
Bibi yangu Mathilde, mama wa batoto wangu, ameuliza hao kumi na wawili wanalala wapi. Maana yeye anajua furu moja ya udongo ya kuokea mikate na mikono yake miwili. Tena furu imepasuka. Mvua moja kubwa, mkate kwisha, na batoto watano watakula nini? Baba Douce, akaniambia, mwambie huyo mama ukweli. Ukweli! Ukweli umeshampa nani kapitali?

Jumatano, 5 Machi
Nimeajiri! Majirani kumi na mmoja, mkate mmoja kila mtu. Wa kumi na wawili ni Hamissi wa Kindu, fundi baiskeli. Nimemfanya chef de production, mkuu wa kazi yote ya kuoka. Akadai mikate mitatu, ati cheo ni kizito. Mwizi! Nimempa miwili. Mchana kutwa tumefanya mazoezi ya kukanda. Unga wa mazoezi hatuna, tumekanda hewa.

Alhamisi, 6 Machi
Yesu wangu! Mayi Mbewe alifika saa nne. Bantu wangu wote kumi na wawili mstarini, vitambaa vyeupe kichwani. Hamissi akamkaribisha kiwandani kama mtu aliyezaliwa ndani ya unga. Mayi akatabasamu. Mara kipaza sauti cha kambi: mgao wa mahindi si kesho tena, ni leo, sasa hivi, familia za watu saba zianze! Kufumba na kufumbua, kiwanda kimepiga mbio. Chef de production akaruka ua! Mayi akauliza kama kuna moto. Nikamwambia ni mazoezi ya usalama. Halafu nikaomba ruhusa, nina simu ya haraka kutoka Ulaya.

Ijumaa, 7 Machi
Sijalala. Jana nikiwa kwenye simu, Mayi alimkuta Mathilde peke yake kwenye furu, yeye hakukimbilia mahindi, hakutaka mikate iungue. Akala mmoja wa moto. Akala wa pili. Akaona ule ufa. Mathilde akamwambia yote, yote! Sasa pesa inakuja, furu mbili mpya za matofali, kwa jina la Mathilde. Mi nitasambaza mikate kwa baiskeli. PDG mzima, leo kabaza, mtu wa kubeba kwa baiskeli!

Si kitu. Nimeanza barua kwa tajiri mmoja wa Chilinde, kulekule Lilongwe. Wafanyakazi arobaini.

Kuhusu ile simu ya Ulaya. Haikuwako. Familia yetu ni watu saba. Nilimpita Hamissi njiani, na kwenye mstari wa mahindi mbele yangu hakukuwa na mtu.