Rilei Niliyoifunga Mdomo

Jumatatu, 3 Machi
Laini ya umeme ya kaskazini imekatika mara nne katika zamu yangu. Zamu ya Kalamu, hasimu wangu: sifuri. Bosi wa kituo amesema atakayemaliza mwezi bila kukatikiwa atapata likizo ya wiki. Kalamu akanipa pole huku anacheka. Kosa si langu. Ni la rilei, kile kisanduku kinachonusa hitilafu kwenye laini na kuiamuru swichi kuu ikate umeme. Ina woga kuliko mimi.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Kati ya rilei na swichi kuna kiunganishi kidogo. Nikianza zamu nakichomoa, nikimaliza nakirudisha. Rilei ipige kelele itakavyo, swichi haisikii. Leo sifuri! Ila kwa woga nimemwaga chai kwenye kitabu cha zamu.

Jumatano, 5 Machi
Upepo tangu asubuhi. Saa nane mchana taa nyekundu ya rilei ikawaka. Swichi kimya. Nikafurahi kidogo, kisha simu ikalia. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa laini. Waya umeanguka barabarani unatoa cheche, mama mmoja ameganda pembeni yake, je, umeme umekatwa amfuate? Nikapekua mfuko: funguo, leso, karanga, kila kitu ila kiunganishi. Kitufe cha kukatia kwa mkono kilikuwa mbele ya pua yangu, sikukiona. Mwishowe rilei ya kituo kikubwa kinachotuletea umeme ikachoka kusubiri, ikakata mji mzima. Shemeji alikuwa amebakiza hatua tano kumfikia yule mama.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe rilei huandika kila kitu. Saa, sekunde, amri iliyotoa na swichi iliyokaidi. Bosi alinisomea taratibu. Kalamu hakucheka, na hilo liliniogopesha zaidi. Mke wangu akauliza kama nilitaka azike kaka yake. Nikajifungia bafuni nikalia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa stoo, nilinde nyaya kuukuu na mapipa ya mafuta. Nimeapa kutochezea rilei tena maishani. Tatizo ni king'ora cha moshi kilichoko darini. Kimelia mara tatu tangu asubuhi, na kila kikilia moyo unanipasuka. Nimepanda ngazi, nimekivisha soksi mbili. Sasa kimya. Kuna kaharufu ka kuungua, nadhani kanatoka kwa jirani.