Senene wa Baba Mkwe

Jumatatu, 16 Novemba 1953. Songambele.

Deodatha amerudi kwao Rugera. Kabeba mtoto, kabeba mkeka, kabeba hata chumvi. Kunguni kaniachia wote.

Anasema amechoka. Anasema mwanetu Joviana ana madoa mgongoni mpaka watu wa kanisani wameuliza kama ni tetekuwanga. Nikamweleza kwa upole kwamba kunguni wapo kila nyumba, hata Ulaya wapo. Akanijibu basi niende nikalale nao huko Ulaya. Ulimi huo! Wakati wa uchumba alikuwa anaitikia tu na kuinama.

Akaongeza la senene. Msimu uliopita alikesha kwenye nyasi kunikamatia senene, kikapu kizima, nami nikala, na nguo hakuipata. Desturi ni desturi: mke akileta senene, mume ananunua kanga. Nilimwahidi. Ahadi nayo ni kitu, sijui kwa nini wanawake hawaivai.

Nyumba imenyamaza mno. Joviana huwa anatambaa mpaka kwenye kiatu changu na kukitafuna. Leo kiatu kiko pale pale, kikavu. Sikupenda.

Jumanne, 17 Novemba.

Salamu zimefika kutoka kwa baba mkwe, Mzee Ndyamukama, katekista wa Rugera, mtu mwenye sauti ya mimbarini hata akiomba maji. Atamleta binti yake na mjukuu Jumapili baada ya misa. Ataketi ndani ya nyumba yangu mpaka kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kiishe. Akiumwa na kunguni hata mmoja, anaondoka nao wote wawili, na safari hiyo nisiwafuate.

Bahati haiji peke yake. Leo leo ameingia Cassian, Bwana Afya wa Rubwera, na pampu yake na debe la dawa ya unga ya serikali. Anapuliza nyumba kwa nyumba, bure. Katukusanya barazani, akatusomea masharti utadhani anasoma waraka wa mtume. Vitu vyote vitoke nje uani. Chakula kitoke, vyungu vya maji vitoke, watoto wakae mbali, kuku wafungiwe. Nyasi tunazotandika sakafuni zikatupwe na kuchomwa. Ukishapulizwa usiingie mpaka nyumba ipigwe na hewa. Na mdudu yeyote aliyefia humo azikwe, asiliwe na kuku wala na kiumbe mwingine. Akarudia hilo la mwisho akinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Yustus, jirani yangu wa kibanja cha chini, akarukia kuomba apulizwe wa kwanza. Mnyambo yule hana siri duniani, vitu vyake vyote vinaenea kwenye mkeka mmoja.

Mimi nina tatizo dogo. Vitu vyote vitoke nje? Mchana? Mbele ya kijiji? Ndani mwangu mna karabai ya Yustus, anayoitafuta tangu Pasaka na kumshuku shemeji yake. Mna kinu cha Mama Kokwijuka. Mna benchi la kigango, ndiyo sababu waumini wa nyuma wanasali wamechuchumaa. Sikuiba. Mwizi huuza. Mimi ninatunza.

Nikamwambia Cassian kwangu hakuna kunguni. Akatazama ukosi wa shati langu, ambako mmoja alikuwa anapanda taratibu kama mwenye kiwanja. Nikasema ni sisimizi.

Jumatano, 18 Novemba.

Akili ni mali! Nimejitolea kumbebea Cassian debe mpaka kwa Yustus. Kila mtu akanishangaa, Yustus akaniita ndugu. Walipokuwa wanatoa vitanda, nikafunua debe na kujichotea. Sikuwa na chombo, kwa hiyo nikachota kwa kofia, nikaivaa. Nimetembea kijiji kizima na dawa ya serikali kichwani, nikiamkia wazee bila kuinamisha shingo. Chawa nao wamepata habari yao.

Jioni nikafanya kazi mwenyewe. Kutoa vitu nje ni mambo ya watu wasiojua njia ya mkato. Nikanyunyiza kitandani, kwenye nyufa, chini ya benchi, na juu ya nyasi za sakafuni nikamwaga kwa wingi, maana kidogo ni uchoyo. Chungu cha maji kina kifuniko, kinaziba karibu mdomo wote. Nikapiga chafya mpaka nikaona nyota. Macho yakawaka moto. Nikafungua mlango na kuwasha karabai nione nimebakiza wapi.

Hapo ndipo walipokuja! Senene! Mvua ilikuwa imekatika dakika hiyo, wakaiona taa, wakaingia kama harusi. Wakagonga kuta, wakagonga paji la uso wangu, wakaanguka kwenye nyasi. Kichwa kiliniuma, nikaenda kulala kwenye kibanda cha mbuzi.

Alhamisi, 19 Novemba.

Bwana asifiwe, na mimi kidogo!

Nimefungua mlango asubuhi, sakafu ni ya kijani. Senene wamelala chali, hawaruki, hawakimbii, mtu unaokota tu kama maharage. Tangu enzi za babu zetu watu wanawafukuza senene kwenye umande, na mimi Melkiory, mtoto wa Muleba, nimevumbua nyumba inayowakamata yenyewe. Na kunguni wamekufa pia, wamejipanga kwenye mkeka, wakavu kabisa.

Sasa hesabu nyingine, tamu zaidi: senene bila mke ni senene bila kanga. Jumapili nitamwandalia baba mkwe kikapu cha senene, naye atasema mkwe huyu ni mwanamume na nusu. Deodatha atakosa la kudai. Ndege wawili, jiwe sijalirusha.

Walikuwa na vumbi jeupe kidogo. Nimewapangusa kwa shati.

Nilitamani kuonja. Lakini nikionja mmoja nitamaliza wote, najijua. Waliovunjika nimewamwagia kuku.

Ijumaa, 20 Novemba.

Nimewanyonyoa mabawa na kuwakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Harufu imevuka migomba mpaka kwa Yustus, akaja anasema anapita tu. Nikamwambia leo Ijumaa, Mkatoliki hali nyama. Akauliza tangu lini senene ni nyama. Nikamwambia akamuulize padre. Akaondoka amenuna. Nami nikabanwa na mafundisho yangu mwenyewe, sikuonja hata mguu.

Jogoo anatembea kwa kuyumba. Anatetemeka kichwa, anapiga hatua mbele, anajikuta nyuma. Nadhani amefika kwenye rubisi ya mtu.

Jumamosi, 21 Novemba.

Jogoo amekufa. Na tetea wawili. Wa tatu amelala ubavu anaendesha baiskeli hewani.

Ni mdondo. Mdondo unapita kila mwaka. Nimewaza jambo jingine, nikaliacha. Mtu akiwaza sana anaharibu shughuli. Maneno ya Cassian kuhusu wadudu waliofia ndani ni ya kuku wa Rubwera, kuku wa ofisini, hawana nguvu. Na senene wamekwisha kaangwa, moto unaua kila kitu. Nani alisema? Mimi nimesema.

Kuku nimewatupa kwenye migomba. Leo sina hamu ya senene kabisa. Hali ya hewa tu.

Rubisi ipo, kibuyu kizuri. Benchi la kigango nimelifunika mkeka. Karabai iko chini ya kitanda, kinu nyuma ya kuni. Nyasi za sakafuni ni zile zile, zina dawa ndani, kwa nini nizitupe?

Joviana anakuja kesho. Nimekipangusa kiatu.

Jumapili, 22 Novemba.



Walifika mchana. Nikampa baba mkwe shikamoo ndefu, nikampa na kahawa za kutafuna. Akaketi kwenye benchi. Akatulia. Akajikagua miguu. Akasema kweli, hakuna kinachouma. Deodatha akatabasamu, kwa mbali, upande mmoja wa mdomo, na mimi moyo ukaniruka maana huo upande ndio ulionioa. Alikuwa amemshika Joviana kiunoni. Mtoto ameota jino!

Rubisi ikaja. Mwenyeji huonja kwanza, ndiyo heshima ya kwetu, mgeni ajue hakuna sumu. Nikaonja kwa moyo wote, mpaka mzee akaomba kibuyu chake.

Kisha nikaleta kikapu. Mzee akafumba macho kwa harufu. Deodatha akauliza ni mwanamke gani kanikamatia. Nikasema hakuna, wamekuja wenyewe kwa kumheshimu baba yake. Mzee akanisogezea kikapu, akasema haya, mkwe, onja.

Nikatazama senene. Senene wakanitazama. Nikamwona jogoo.

Nikasema nimefunga.

Mzee akaweka kibuyu chini. Akanikumbusha kwamba leo ni Jumapili, na kwamba yeye amefundisha katekisimu tangu mimi sijazaliwa, na hajapata kusikia Mkristo anayefunga Jumapili baada ya kumeza nusu kibuyu cha rubisi. Akaniambia tena nionje. Sauti ya mimbarini sasa. Nikachukua senene mmoja. Nikamsogeza mdomoni. Mkono ukakataa. Nikasema meno. Nikasema tumbo. Nikasema nimeweka nadhiri kwa mtakatifu fulani, jina limenitoka.

Na katikati ya uongo huo nikamwona Joviana. Alikuwa ameponyoka kwa mama yake, ametambaa mpaka kikapuni, amejaza kiganja, na kiganja kinapanda mdomoni.

Sikumbuki nilivyofika. Nilikipiga teke kikapu, nikamrukia mtoto, nikamchokoa kinywa kwa kidole nikipiga kelele kwamba ateme, mwanangu, tema! Akanitafuna kidole kwa jino lile jipya. Kinywa kilikuwa kitupu. Hakuwahi kutia hata mmoja. Nikakaa sakafuni nimemkumbatia nikalia kama mjinga, na senene wametapakaa nyumba nzima.

Deodatha akaokota senene mmoja, akamnusa. Akapangusa nyasi kwa kidole, akakitazama kidole, cheupe. Akaninyang'anya mtoto, akatoka naye nje, akamnawisha mikono na uso kwa maji ya kwa Yustus, mara nyingi. Mzee akasema maneno mawili tu: iteni Cassian.

Cassian akaja. Akatazama sakafu, akatazama kuku kwenye migomba, akatazama kofia yangu. Akamkagua mtoto, akasema hana neno, lakini asiondolewe macho mpaka kesho. Kisha akaamuru kila kitu kitoke nje. Kila kitu. Uani. Mchana. Kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kufika, maana kelele zangu zilikuwa za bure na watu wanapenda vya bure.

Ilitoka karabai. Yustus akaishika kama mtoto aliyepotea, akaniita jina ambalo si ndugu. Kikatoka kinu, Mama Kokwijuka akaketi juu yake asije akakipoteza tena. Likatoka benchi. Mkeka ukaanguka. Mzee Ndyamukama akalitambua benchi la nyumba ya Mungu, akajitazama alikokuwa ameketi, akafanya ishara ya msalaba.

Deodatha hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisema ameona nilivyomrukia mtoto, na hilo hatalisahau. Alisema pia hatarudi mpaka Cassian mwenyewe aipulize nyumba hii kwa utaratibu, aikague, na amwambie kwa mdomo wake kwamba mtoto anaweza kutambaa humo. Na kanga. Wakaondoka. Joviana akanipungia mkono begani kwa mama yake.

Jumatatu, 23 Novemba.

Nimelala uani na vyombo vyangu. Vimebaki vichache, sikujua kama mimi ni maskini hivi.

Asubuhi Cassian kafika na pampu. Kanisimamia nikachoma nyasi, nikazika kuku na senene, nikafua, nikamwaga maji ya chungu. Akapuliza kila ufa. Akasema atakuja kukagua keshokutwa, na akiridhika atapita Rugera mwenyewe kumwambia Deodatha. Akaniuliza kama nimejifunza kitu.

Nimejifunza mengi. Kwanza, kikapu kiwekwe juu. Pili, mtu asimwalike katekista. Senene wenyewe hawakuwa na kosa, wala akili yangu, ni wageni tu waliokuja na desturi zao.

Mtu mwenye busara hangoji keshokutwa. Nikipuliza tena mwenyewe leo, mara mbili ya Cassian, nyumba itakuwa salama mara mbili, na Deodatha atarudi haraka. Mwanangu akitambaa humu hatakutana hata na mbu.

Cassian amekwenda kwa Yustus kunywa chai. Pampu aliiacha uani, juani, mahali mtoto yeyote angeweza kuichezea. Uzembe ulioje, kwa mtu wa serikali! Nimeihifadhi chini ya kitanda.

Sasa nawasikia wanaitafuta. Yustus anasema safari hii si shemeji yake.