Kipimo Rasmi cha Usafi

Kwa furaha isiyo kifani, Ofisi ya Mkurugenzi wa Usafi na Matumizi Bora ya Mali za Chuo ilitangaza kwamba zama za sahani tupu zimekwisha. Ukaguzi ulibaini sahani kumi na mbili katika maabara ya mikrobiolojia na kinga ambazo, siku tatu mfululizo ndani ya kabati la joto, hazikuotesha hata kijidudu kimoja. Chuo hakifugi wavivu. Zikatupwa.

Zilikuwa za mwanafunzi wa uzamili ambaye wenzake walimwita Bi Vitasa, maana mwaka wa tatu huu alikuwa akipangusa vitasa vya milango ya chuo kwa pamba na kuotesha vijidudu vyake. Tasnifu ilitakiwa mwisho wa mwezi. Ikichelewa, jina lake linafutwa. Aliposikia habari ile, alikimbilia ofisini kwa Mkurugenzi.

"Mzee, zile zilikuwa za kulinganishia," alimweleza Mkurugenzi. "Hazitakiwi kuota kitu. Bila hizo watahini hawafungui hata ukurasa wa kwanza."

"Yaani kazi yake ni kutofanya kazi?"

"Ndiyo, mzee."

Mkurugenzi alikuwa na wasaidizi wanne, hivyo hilo alilielewa upesi. Lakini kanuni ni kanuni.

"Si unataka tu kitu safi cha kulinganishia? Kipo." Akainua kiganja chake cha kulia.

Bi Vitasa akamgeukia msimamizi wake aliyemsindikiza, profesa aliyebakiza miezi minne kustaafu. Profesa alikuwa akitazama dirishani. "Mwanangu," alinong'ona, "funika kombe mwanaharamu apite."

Waraka ukatoka siku hiyohiyo: kiganja cha Mkurugenzi ndicho Kipimo Rasmi cha Usafi, hakibadiliki, na mapendekezo ya tasnifu itakayokitumia yatatekelezwa ndani ya siku saba bila mjadala. Mkurugenzi akatia sahihi, akabonyeza kiganja kwenye sahani mpya kumi na mbili, mpiga picha akiwapo.

Siku ya tatu Bi Vitasa alifungua kabati. Kitasa cha choo cha wanaume kilikuwa kimeotesha vidoa tisa. Vya kiganja rasmi havikuhesabika. Vilijaa mpaka kingoni, vya njano, vya kijivu, na kimoja chenye manyoya. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaogopa sana. Hata hivyo aliandika alichokiona, kama alivyofundishwa.

"Badilisha kipimo!" Mkurugenzi alifoka alipoonyeshwa sahani hizo.

"Waraka unakataza, mzee. Labda uandike mwingine, useme mkono wako ni mchafu."

Mkurugenzi alilipima jambo hilo kwa mapana yake. "Acha hivyohivyo," alisema mwishowe. "Kwani tasnifu husomwa na nani?"

Watahini waliisoma. Ikapita, pamoja na pendekezo lake la pekee.

Wiki haijaisha, seremala wa chuo alifika mlangoni pa Mkurugenzi na bisibisi, kwapani ana kibao alichokibandua chooni: UKITOKA HUMU, NAWA MIKONO KWA SABUNI.

"Samahani mzee, sogea kidogo," alisema, akimsogeza kwa kiwiko. "Nimeambiwa kinahamia penye vijidudu vingi zaidi."

"Umeambiwa na nani?"

Seremala akachomoa waraka mfukoni. "Sahihi hii si yako?"

Mkuu wa Chuo, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka ofisini humo baada ya kuagana na Mkurugenzi kwa mkono, alisimama akakisoma kibao taratibu. Kisha akauliza bomba liko wapi.