Askari Mia na Themanini Ndani ya Unga wa Muhogo

Jamani, leo aibu imenikuta kivukoni Alunguli, mchana kweupe, mbele ya wauza samaki na abiria wa mitumbwi mitatu. Mikono bado inanuka samaki. Nawaandikia haraka kabla hamjaletewa video, maana kuna mama mmoja alikuwa anarekodi, na alikuwa anacheka hadi simu inatikisika.

Kwa wale wasionijua: mimi ni mwalimu wa jiografia, nina miaka thelathini na minane, nina mume na watoto watatu, na ninaongoza ligi ya vita vya mezani. (Ndiyo. Mmesoma vizuri.) Watu wawili wanasimama mezani, kila mmoja na jeshi lake la askari wadogo wa urefu wa kidole. Katikati tunatandika kitenge cha buluu, huo ndio mto. Mwendo wa askari tunaupima kwa kijiti. Majeshi yakikutana, unachomoa haragwe kwenye kikopo bila kuangalia: jeupe umepiga, jeusi umekosa. (Dadu tuliziacha mapema, wazazi wa wenzetu Waislamu hawakutaka hata kuziona.) Tuko wachezaji wanane, kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli huku Kasuku.

Shida yetu ilikuwa moja. Miaka miwili tumecheza na vizibo vya chupa, na Papa Lukusa, mzee anayeshika ufunguo wa ukumbi, alichoka kutuangalia.

"Mwalimu," aliniambia, "siwezi kufungua nyumba kila siku ya posho juu ya bantu bakubwa banasukuma bizibo."

(Posho ndiyo Jumamosi yetu.) Tukapatana hivi: fainali ni leo saa nane mchana. Akiona jeshi la kweli, ukumbi unabaki wetu. Akiona vizibo, anawapa watu wa harusi. Bila ukumbi hakuna ligi, maana nyumbani kwangu meza ni moja na watoto wanailia chakula.

Basi miezi sita iliyopita niliagiza askari kwa Papa Ramazani wa Kalima, fundi wa sufuria, anayeyeyusha bati na kulimimina kwenye udongo aliouchonga mwenyewe. Jana nilienda kuwachukua. Mia na themanini! Kila mmoja na kofia yake na bunduki yake, na mmoja ana pua mbili, sijui kwa nini. Niliwapanga kwenye mkeka wa Papa Ramazani nikatokwa na machozi kidogo.

"Mama mwalimu," alisema, "uandike barua, bantu ba kivuko bajue unapitisha nini."

Mimi? Niandike barua kwamba mwalimu mzima amekwenda Kalima kuchukua askari wa kuchezea? Nilikataa. Hata shuleni hawajui. Badala yake nilinunua unga wa muhogo, nikawazika askari wote ndani ya unga, eti wasikwaruzane njiani, na mtu asiulize kitu. Nilijiona nina akili sana.

Leo alfajiri nikapanda pikipiki. Saa tano na nusu niko Alunguli, mto mbele yangu, Kasuku naiona ng'ambo. Nashusha mfuko wangu. Mfuko mdogo. Lakini nimeubeba kwa mikono miwili, mgongo umepinda, na jasho linanitoka.

Sasa, kila mtu katika mji wetu wa Kindu anajua maana ya mfuko mdogo na mzito unaotoka Kalima: ni kasiterite, mawe ya bati ya magendo. Wa kwanza kujua ni Shefu Amuri, mkaguzi wa mizigo inayotoka machimboni. Shati lake limepigwa pasi, mkononi ana spoki ya baiskeli ya kuchomea mifuko.

"Mama, iko nini ndani?"

"Iko unga tu, shefu."

"Unga gani inakupindisha mugongo vile?"

"Niko na ugonjwa ya mugongo, shefu." (Uongo wa pili. Wa tatu ulikuwa njiani.)

Akachoma spoki. Tak! Akachoma upande mwingine. Tak!

"Unga yako iko na mifupa?"

Nilikuwa nimeanza kusema kwamba huenda ni mawe ya kinu, lakini hakunisubiri. Alibeba mfuko hadi kwenye meza ya Mama Feza, muuza samaki wa pale pale, akaumwaga wote. Unga ukaruka hadi kwenye nywele zetu. Halafu wakatoka wao, mmoja baada ya mwingine, weupe pepepe, bunduki juu.

"Kasiterite hii," akasema. "Mumeiyeyusha mupate kuipitisha."

"Hapana, shefu! Haiko kasiterite! Iko basoda!"

Jamani. Kuna maneno, na "askari" ni mojawapo, hupaswi kuyapigia kelele kivukoni. Watu waliokuwa wanapanda mtumbwi wakashuka.

"Basoda ngapi?"

"Mia na makumi munane."

"Kamanda wabo njo nani?"

"Njo miye."

Akaniangalia vile mimi ninavyomwangalia mwanafunzi anayesema mbuzi amekula daftari lake. Akaniuliza umri. Nikasema. Akaniuliza kazi. Nikasema. Akaniuliza mara ya pili. Nikaanza kufungua sakoshi yangu ya pesa, nikidhani labda kuna njia nyingine ya kuelewana.

"Funga sakoshi yako, mama mwalimu. Miye sitaki kitu. Nataka kuelewa."

(Nilitamani sana angetaka kitu.)

Nikaeleza yote. Ligi, kitenge, maharagwe, Papa Lukusa, harusi. Kila nilivyoeleza, watu walisogea karibu. Shefu Amuri akasikiliza hadi mwisho, akavuta stuli.

"Bon. Kama njo muchezo, tucheze. Nione kama iko na sheria kweli, ao unatunga sasa hivi."

Saa sita na nusu! Ng'ambo ile wachezaji wangu wananitafuta kwenye simu, na mimi nimeketi mbele ya meza ya ndakala, dagaa wakavu. Mama Feza akavua kitenge chake cha buluu begani, tukatandika mto. Maharagwe tukaazima kwa jirani yake. Tukachukua askari ishirini kila mmoja, na kwa kuwa wote walikuwa weupe, wake tukawafuta kwa kitambaa, wangu wakabaki na unga wao.

Niseme ukweli: hapo nilitulia. Mimi ndiye niliyeandika sheria za mchezo huu. Sijawahi kushindwa tangu ligi ianze (ukiacha ule mchezo wa mwezi wa tatu ulioninyima fainali, na siku ile kulikuwa na upepo). Nikajiambia nitamhurumia kidogo huyu baba, nimshinde polepole, asione aibu mbele ya watu wake.

Nikamweleza: kila mmoja ana bendera upande wake wa mto, anayevuka na kuichukua bendera ya mwenzake ameshinda. Na sheria namba saba, ile ninayoipenda kuliko zote, niliyoitunga ili mchezo ufanane na maisha: kila zamu unaruhusiwa kuvusha mtumbwi mmoja tu, askari wanne.

"Mutumbwi moja tu?" akauliza.

"Moja tu."

"Njo sheria?"

"Njo sheria, shefu."

Akaitikia kwa kichwa. Akawachukua askari wake wote ishirini, akawapanga kwenye ukingo, pale hasa mtumbwi unapofikia. Halafu akakunja mikono.

"Shefu, hauendi kushambulia?"

"Niende wapi? Utakuja."

Nikaja. Askari wanne wa kwanza wakavuka, wakakuta ishirini wanawasubiri. Akachomoa haragwe jeupe, jeupe, jeupe, jeupe. Wakaisha.

"Bengine," akasema Shefu Amuri, bila kuinua macho, kwa sauti ile ile anayowaitia abiria kila siku.

Wanne wa pili. Wakaisha.

"Bengine."

Ndipo nikaelewa nimeketi na nani. Huyu mtu kazi yake ni hiyo! Kila siku ya Mungu anasimama ukingoni, watu wanamjia mtumbwi kwa mtumbwi, na hakuna anayepita. Na sheria ya kumsaidia nimemwandikia mimi. Mama Feza alikuwa ameshaanza kuwapanga marehemu wangu kando ya ndakala, kwa heshima kabisa.

Nikafikiri zamu yangu muda mrefu. Ili muda upite, akaniuliza nilijifunzia wapi mambo haya.

Nikamwambia. Ni kwa baba yangu, mtu wa reli. Miaka ya vita treni ziliacha kuja, mto ukafungwa, mashambani hakuendeki, na sisi watoto tukafungiwa ndani. Baba hakuwa na kazi wala kitu cha kutupa, basi akatupangia majeshi mezani: mahindi upande huu, maharagwe upande ule. Jioni mama alikuwa anayapika majeshi yote mawili kwenye sufuria moja. Siku nyingine vita ilikuwa fupi sana, kwa sababu tulikuwa na njaa.

Watu walicheka. Shefu Amuri hakucheka.

"Miye nilikuwa hapa hapa Alunguli," akasema. "Mutoto ya miaka kumi na mbili. Tulikuwa tunakalaka hapa tunaangalia ng'ambo yenu, tunasema: bale banakula."

"Na sisi tulikuwa tunasema vile vile juu yenu, shefu."

"Hakuna aliyekuwa anakula," akasema Mama Feza, na akamfukuza nzi kwenye samaki.

Nilitaka kumwambia pole, na nadhani naye alitaka kuniambia pole. Badala yake akaniambia ni zamu yangu, nikavusha wanne wengine, akachomoa maharagwe, akawamaliza.

Sitawachosha na mtumbwi wa nne. Kwenye wa tano, niliokuwa nimeuwekea matumaini, nilichomoa maharagwe meusi mfululizo hadi Mama Feza akachungulia kikopo kuona kama kuna meupe. Yalikuwemo. Mchezo wote haukufika nusu saa. Hakuna askari wangu hata mmoja aliyekaa ng'ambo zaidi ya zamu moja, na jeshi lake yeye lilikuwa kamili, ishirini kwa ishirini.

"Mama jenerali!" mtu akapiga kelele nyuma. "Rudi ukafundishe jiografia!"

"Na muto njo jiografia!" akajibu mwingine.

Mtumbwi mzima uliangua kicheko. Mpiga kasia aliketi chini kabisa. Mimi nilikuwa natafuta tundu kwenye ile meza nijifiche na wenzangu wa bati.

Shefu Amuri akasimama, akatoa karatasi na mhuri, akaniuliza jina na namba ya simu. Aliandika kwa Kifaransa, lakini alisoma kwa Kiswahili, kwa sauti, ili kila mtu afaidi:

"Nimekagua basoda mia na makumi munane. Hawana hatari. Kamanda wabo nimemupima miye mwenyewe. Naye hana hatari."

Akagonga mhuri. Kisha akaniinamia, kwa upole kweli:

"Mama mwalimu, nilikuwa na woga kidogo. Nilisema, huyu mama anaficha kitu. Lakini muntu anayepoteza vita namna hii, siwezi kumushika. Nitamushika juu ya nini?"

Jamani, katika maisha yangu sijawahi kutukanwa na kufurahi namna ile. Nilimshukuru, nikamshukuru tena, nikamshukuru na Mama Feza, nikawakusanya askari wangu mmoja mmoja kutoka katikati ya ndakala, nikahesabu mara mbili. Mia na themanini. Hata mwenye pua mbili alikuwapo. Shefu Amuri mwenyewe akaubeba mfuko hadi mtumbwini, akasema kweli ni mzito, na kwamba siku nyingine niseme ukweli toka mwanzo, kwa sababu mimi uongo siuwezi kama vile vita siviwezi.

Nilifika ukumbini saa nane kasoro dakika tano, mweupe kichwani kama aliyezeeka njiani. Wachezaji wote saba walikuwa mlangoni. Papa Lukusa akachukua askari mmoja, akamsogeza dirishani penye mwanga, akamgeuza, akamnusa.

"Mbona hawa basoda banatoa harufu ya samaki?"

"Ni habari ndefu, papa."

Akamgeuza tena. Halafu akamrudisha mezani taratibu, amesimama, bunduki inaelekea mtoni, akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka kwenye kiganja changu. Wa harusi watafute kwingine, alisema. Nikaketi kwenye kona, fainali ikaanza, na kwa mara ya kwanza tangu jana nikahisi mgongo wangu umenyooka. Sikumbuki hata nani alikuwa anaongoza. Niliwaangalia tu wale askari wamesimama kwenye meza yetu, nikamshukuru Mungu.

Ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu, namba siijui: "Mama mwalimu, njo miye Shefu Amuri. Ligi mupya inaanza lini? Andika jina yangu."

Nimemwandika, maana ligi ni ya wote. Ila anayepanga makundi ni mimi, na nimemweka kundi la pili, mimi niko la kwanza, tusikutane mapema. Mnaotaka kucheka chekeni, lakini fungeni mlango kwanza, nisiwasikie.