Mzigo Ulioachwa Kanisani Migosi

Dishon Okello,
Benchi la tatu, upande wa dirisha,
Kanisani, Migosi,
Kisumu.

Kwa Baba Askofu,

KUH: KUACHWA KWANGU KANISANI KAMA MZIGO

Pokea heshima zangu, Baba Askofu, na unisamehe mwandiko, maana naandikia juu ya kitabu cha nyimbo, na kitabu chenyewe kiko juu ya goti.

Mimi ni muumini wako wa miaka mingi, mpiga kayamba, na mume wa Perez anayeuza omena sokoni Kibuye. Sina ugomvi na Mungu. Ugomvi wangu ni na ile huduma mpya ya ushauri kwa wenye shida, inayoendeshwa kila Alhamisi na Dada Emmaculate. Naomba kwa unyenyekevu uifunge kabla haijamaliza wanaume wa Kisumu.

Kilichotokea ni hiki. Langoni pametundikwa bango: UNA MZIGO? ULETE. UUACHE HAPA. USIRUDI NAO NYUMBANI. Jumapili Perez alilisoma, akalisoma tena, kisha akanitazama. Mimi nilidhani anatazama shati. Alhamisi akaniomba nimsindikize, nikavaa koti. Dada Emmaculate akatuombea, akasema kila mtu auache mzigo wake pale pale na asigeuke nyuma. Perez akasema amina, akachukua mkoba wake, akaenda. Mkoba aliuchukua, Baba Askofu. Mimi nikabaki. Nilidhani ameenda msalani.

Mpaka sasa niko hapa, na malalamiko yangu ni haya:

1. Neno lenyewe. Mzigo ni gunia. Mzigo ni kitu kinachofungwa kamba nyuma ya bodaboda. Mimi nina kitambulisho! Kama kanisa lilimaanisha huzuni na presha, mbona halikuandika huzuni na presha? Perez ni mtu wa sokoni. Ukimwambia mzigo uachwe, anaushusha, anajipangusa mikono, anaenda zake.

2. Kikao hakikuwa cha haki. Dada Emmaculate alimuuliza Perez anajisikiaje. Nikamjibu kwamba yuko sawa. Akamuuliza kama analala vizuri. Nikajibu analala vizuri mno, hata nikimsimulia habari za siku huwa ameshalala. Maswali yote ya Perez niliyajibu mimi, tena kwa usahihi, ili kuokoa muda wa kanisa. Shukrani niliyopata ni Dada kuandika kitu kwenye karatasi na kukipigia mstari chini.

3. Upendeleo. Nyumbani kwetu yuko Calvince, kaka yake Perez, aliyekuja Kisumu kwa mahojiano ya kazi kabla ya Krismasi na mpaka leo yuko kwenye sofa yangu, rimoti mkononi. Anakula kichwa cha samaki, ambacho ni changu. Huyo hakuletwa. Kama ni kupima mizigo, jamani, mizani gani hii?

4. Mila. Kwetu mke akiondoka, mume humfuata kwa wakwe na kuongea na wazee. Sasa mume akiachwa kanisani, nani amfuate nani? Nilimpigia baba mdogo, Mzee Robinson wa Ahero. Jambo la kwanza alilotaka kujua ni kama kanisa limenitolea ng'ombe wa mahari. Nilipomwambia halijatoa hata mbuzi, akaamua kwamba basi mimi bado ni mali ya Perez. Nikamtumia Perez uamuzi huo kwenye simu. Alijibu kwa kile kipicha cha kidole gumba.

5. Jambo hili linaenea. Njuguna, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ameletwa na mkewe Wamaitha. Huyo hata alifungiwa chai kwenye themosi, jambo lililoniuma kuliko kuachwa kwenyewe. Asubuhi hii amefika mhadhiri mmoja kutoka Maseno, kwa bodaboda, nauli imelipwa ya kuja tu. Sasa anatuhutubia na hakuna anayeweza kumpeleka kwingine, maana hapa ndipo watu wanapopelekwa. Tukiendelea hivi kwaya itakosa pa kukaa, na mji mzima utabaki na wanawake waliopumzika. Hapo tutamtawala nani?

6. Hili la mwisho si la kuchekwa. Nilimpigia Perez simu, akapokea. Nikaeleza yangu yote, nikaeleza na yale ambayo yeye angesema, ili asichoke. Nilipomaliza nikagundua alishakata zamani. Namkosa, Baba Askofu. Sijui anakula na nani. Nani anamwambia chumvi imezidi?

Kwa hiyo naomba huduma ifungwe, bango liongezwe maneno ISIPOKUWA MIZIGO INAYOPUMUA, na Dada Emmaculate anirudishe nyumbani mwenyewe, akiwa na barua yenye muhuri kwamba nimekaguliwa na kuonekana si mzigo.

Nisalimie Mama Askofu, wazee wa kanisa na kwaya yote, hasa sauti ya tatu. Njuguna anakusalimu. Mhadhiri naye anakusalimu, ila salamu zake ni ndefu, nimeziacha. Dada Emmaculate pia umsalimie, lakini iwe salamu ndogo.

Ni mimi niliyeachwa lakini si mzigo,
Dishon Okello

N.B. Baba Askofu, kabla sijafunga bahasha Perez amefika na bakuli la samaki, ngege wa mchuzi. Kichwa kimo! Ameketi hapa benchini akaanza kusema ya moyoni tangu tuoane, na mimi sikumkatiza hata mara moja, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa samaki na niliogopa mwiba. Amesema mengi. Mengine sikuyajua, na moja limenitoa machozi, ingawa nimesingizia pilipili. Mwisho akasema nyumba imenyamaza vibaya, na kwamba sasa Calvince ndiye anayetoa maoni kuhusu chumvi. Amesema twende.

Kwa hiyo yote ya hapo juu yapuuze. Huduma isifungwe, bango lisiguswe, na Dada Emmaculate apewe salamu kubwa. Ila hili benchi la tatu, upande wa dirisha, asikalie mtu. Alhamisi mimi na Perez tunamleta Calvince.